MWENYE KAMERA NI SHAHIDI WA WOTE

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Iringa na Mbeya



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mpiga picha za sinema anayefuata kampeni za siasa. Wengi hudhani kazi yake ni kusimama mbele ya jukwaa tu. Lakini jukwaani kila mgombea ni hodari. Mpiga picha wa kweli humfuata tangu Tukuyu mpaka Mufindi, katika matope na baridi, akasikia aliyowaahidi wachuma chai, akawapo siku ya kuhesabu kura. Miaka mitano ikiisha, ahadi zile bado anazo. Ndiyo sababu wakubwa wengine hawampendi.

Katika Uganda, Moses Bwayo alianza mwaka 2017 kumfuata Bobi Wine, akaendelea mpaka uchaguzi wa 2021. Mwaka 2020 alipigwa risasi ya mpira usoni, na baadaye akakimbilia Marekani. Filamu yake ilionyeshwa duniani, na mwaka 2024 ikawa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar.

Lakini tusitazame mbali. Nyololo ni hapa hapa Mufindi. Tarehe 2 Septemba 2012 CHADEMA walikwenda kufungua tawi, na polisi walikuwa wamezuia mikutano kwa ajili ya sensa. Daudi Mwangosi wa televisheni ya Channel Ten, Mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa, alikwenda kazini kwake. Aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Picha za tukio lile zikachapwa magazetini. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Jiulizeni, ndugu zangu: picha zile zisingepigwa, tungeambiwa nini?

Wapo watakaosema, "Mkutano ule haukuwa wetu, yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa kura tatu, Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU juu ya Mabwana Shauri, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Chama cha Uhuru kilikua kwa sababu walikuwapo watu wasioogopa kueleza waliyoyaona. Aliyepanda ngazi ile hana haki ya kuivunja akiisha fika juu.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, mwenye kamera akija mkutanoni kwetu apewe nafasi, hata kama hatupendi. Pili, tusimnunue, picha ya kununuliwa haimsadiki mtu. Tatu, akipigwa katika mkutano wa wapinzani wetu, tuwe wa kwanza kumtetea.

Vijana wa Mbeya na Iringa mnaotaka kazi hii, ishikeni. Na sisi wazee wa matawi tuwalinde.

Uhuru na Kazi!