Mvua, Bei na Ardhi

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MVUA, BEI, ARDHI. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti.

Leo tutajifunza jinsi mambo hayo matatu yanavyomfanya mkulima apate au akose. Mfano wetu unatoka Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, kusini ya Ziwa Viktoria.

Kwanza, mvua. Huko Shinyanga mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kwa kawaida hupata milimita 600 mpaka 800 kwa mwaka. Mvua hiyo si nyingi, tena hainyeshi sawasawa. Yaweza kunyesha kwa nguvu siku moja, kisha ikapotea majuma matatu. Penye majani na miti, maji huenda polepole na kuzama ardhini. Penye ardhi tupu, maji hukimbia na kuchukua udongo wenye rutuba. Kwa hiyo watu wawili waweza kupata mvua ile ile, mmoja akavuna na mwenziwe akakosa.

Pili, bei. Zao la fedha la Wasukuma ni pamba. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje, na bei yake hufuata soko la dunia. Mwaka 2011 bei katika soko hilo ilipita dola 2 za Marekani kwa ratili moja ya pamba iliyochambuliwa. Mwaka 2012 ilikuwa imeshuka chini ya dola 1. Mkulima hakuwa amefanya uvivu wala kosa lolote.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkulima amevuna kilo 300 za pamba. Kama bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, atapata shilingi 300,000. Bei ikishuka mpaka shilingi 600, atapata shilingi 180,000. Amepoteza shilingi 120,000. Jembe ni lile lile, na jasho ni lile lile. Kama shamba lake lote lilikuwa la pamba, watoto wake watakula nini?

Tatu, ardhi. Zamani Wasukuma walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua inapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie. Majani huota na miti huchipua. Kiangazi kinapokuwa kikali, ngitili hufunguliwa, na mifugo hupata chakula. Ngitili ni ghala la majani. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Lakini tangu miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na miti ikakatwa kwa kuni. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na ngitili nyingi zikaachwa. Ardhi ikabaki tupu. Wanawake wakawa wanatembea mbali sana kutafuta kuni. Mvua ilipokosekana na bei ya pamba iliposhuka, mtu hakuwa na kitu cha kushika.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wakati huo Mkoa wa Shinyanga ulikuwa mkubwa kuliko leo, kwa maana wilaya za Bariadi na Maswa zilikuwa bado ndani yake. Mabwana misitu hawakuleta miche peke yake. Waliwauliza wazee habari za ngitili. Vijiji vikaweka sheria zao wenyewe, na sungusungu wakalinda. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta 300,000. Watu walipata kuni, miti ya kujengea, dawa, asali na malisho karibu na nyumbani.

Hata hivyo, angalieni jambo moja. Ngitili nyingine ni za mtu binafsi. Mwenye ardhi kubwa aweza kufunga sehemu na bado akabaki na shamba. Mwenye eka mbili hawezi. Huyo hutegemea ngitili ya kijiji. Mkutano wa kijiji ukigawa ardhi yote kwa wenye nguvu, maskini atazidi kuwa maskini hata kama miti imejaa pande zote. Kwa hiyo sheria ya kijiji ina kazi kama ile ya mvua.

Ndugu wanafunzi, mkulima haamrishi mvua, wala hapangi bei ya dunia. Lakini matumizi ya ardhi ya kijiji hupangwa na wanakijiji. Hapo ndipo penye nguvu yetu.

Baada ya redio kufungwa, jadilianeni maswali haya:

1. Katika kijiji chenu, maji ya mvua huenda wapi?

2. Bei ya zao lenu ikishuka mwaka huu, mtategemea nini?

3. Ni ardhi gani ya kijiji ingefaa kufungwa, na nani atailinda?

Mwisho, kila mmoja aandike sentensi hii katika daftari lake: Ardhi iliyotunzwa ni akiba ya mwaka mbaya.

Kwaherini mpaka somo lijalo.