Chupa ya Ruiru, Wavu wa Malindi
Ikumbukwe kwanza kwamba sayansi ya bahari, yaani elimu ya maji na viumbe vya baharini, huanzia bara: Mto Thika huingia Tana, ilhali maji ya Mto Ruiru hufuata Athi, ambao huwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi, hivyo chupa ya plastiki itupwayo Ruiru huweza kunasa katika wavu wa mvuvi.

Kuhusu nani asomeshwe sayansi hiyo, kwa upande mmoja, Kifungu cha 56 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka jamii za wachache, wakiwemo Wawata wa Galana, zipewe nafasi maalumu za elimu. Kwa upande mwingine, maabara ni ghali, na mwenye kiu huhitaji maji safi kabla ya shahada.

Je, kijana wa Kiwata akihitimu chuo kikuu huko Juja, ujuzi wake utarudi mtoni kwao?