Ngoma na Haki ya Mkulima
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, Isevya, Tabora)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ngoma katika sherehe hii ya miaka kumi ya chama chetu. Huenda wengi wenu mlitazamia katibu aseme juu ya malipo na hesabu. Nitafika huko, kwani njia niishikayo yaelekea huko huko.

Hapa Isevya tumo katika njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani huku wakiimba. Wimbo uliitia miguu nguvu, lakini pia ulikuwa baraza lao: neno la posho au la uzito wa mzigo, ambalo mpagazi mmoja hakuthubutu kumwambia tajiri uso kwa uso, liliweza kuimbwa na wote, na tajiri asijue amshike nani.

Sisi wa Tabora twapenda kukumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Januari 1958, katika mkutano wa TANU uliokubali kuingia uchaguzi wa kura tatu. Ni haki yetu. Lakini hotuba huandikwa, nyimbo husahauliwa. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU, hakutegemea barua. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, naye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na wanachama wao na utii wao. Kwa macho ya katibu, huo ulikuwa ushirika kabla ya kuandikishwa.

Sasa malipo. Zamani kidogo nilikuwa karani wa chama kimoja cha msingi. Akina mama walifunga majani ya tumbaku kwenye fito, wakakesha wakichochea moto wa bani. Kitabu cha malipo kikaandikwa jina la mume. Mkutanoni hawakusema neno. Jioni, ngomani, wakaimba juu ya bani ambalo moto wake huchochewa na mmoja na fedha zake huhesabiwa na mwingine. Wanaume walicheka, kufika ubeti wa tatu hawakucheka tena, na mzee mmoja akaondoka kwa hasira. Mwaka uliofuata baadhi ya akina mama wale waliomba uanachama kwa majina yao wenyewe. Si wote waliokubaliwa.

Kosa langu ni hili. Alipotutembelea mgeni mkubwa, mimi ndiye niliyeufuta wimbo ule katika ratiba, nikaweka wa kumsifu mgeni. Tulipigiwa makofi mengi. Tangu siku ile mama wale hawakuleta tena shauri lao mezani pangu.

Ratiba ya jioni hii nimeiandika mimi tena, kwa idhini ya Halmashauri. Wimbo wa bani ndio wa kwanza, na viti vya mbele vimewekwa kwa ajili ya wajumbe na makarani wa malipo.