Moto, Pamba na Lawama: Ghazali na Ibn Rushd juu ya Mpango wa Mungu



Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na papo hapo akaamuru wasimamizi wa kivuko wakamatwe.

Amri zile mbili zinatokana na mitazamo miwili tuliyo nayo sote. Msibani, awe Mwislamu au Mkristo, mfiwa huambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Polisi nao huuliza nani alipakia watu kupita kiasi. Neno la msibani silibezi hata kidogo, maana limewainua wengi waliokuwa hawawezi kusimama. Lakini likitoka kinywani mwa aliyeuza tiketi za ziada, hugeuka hati ya kujisafisha. Swali langu leo ni hili: anayeamini kwamba kila jambo liko mikononi mwa Mungu, je, amemfutia binadamu lawama? Nitawaita mashahidi wawili waliokosana vikali kuhusu maumbile: Abu Hamid al-Ghazali na Ibn Rushd.

Ndugu watatu wa Basra

Ugomvi wao una mizizi ya zamani. Huko Basra, katika karne za mwanzo za Uislamu, lilizuka kundi la wanazuoni walioitwa Mu'tazila. Walishikilia kwamba jema na baya hujulikana kwa akili hata kabla ya wahyi, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hana budi kuwatendea waja wake haki. Wengine miongoni mwao walikwenda mbali zaidi, wakasema humtendea kila mja lililo na manufaa zaidi kwake.

Waandishi wa wasifu wa wanazuoni husimulia kwamba Abu al-Hasan al-Ash'ari, mwanafunzi wa Mu'tazila, alimwuliza mwalimu wake al-Jubba'i habari za ndugu watatu. Mmoja alikufa akiwa mcha Mungu, wa pili akiwa mwovu, wa tatu akiwa mtoto mdogo. Mwalimu akajibu kwamba wa kwanza yuko peponi, wa pili motoni, na mtoto amesalimika bila daraja ya juu. Je, mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kuichuma daraja hiyo? Ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua akawa mwovu, hivyo alimwahi kwa faida yake. Basi, akauliza al-Ash'ari, yule wa motoni akipiga kelele kwamba naye angefishwa mapema, atajibiwa nini? Inasemekana mwalimu alinyamaza.

Kisa hicho ndicho kiini cha msimamo wa Waash'ari, yaani wafuasi wa al-Ash'ari: vipimo vyetu vya haki havimfungi Mungu. Mungu huumba kila kitendo, na mja hukichuma. Kwa kukichuma ndipo anapohukumiwa. Ghazali alikulia katika shule hiyo.

Pamba na moto

Ghazali alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, katika Iran ya leo. Mwaka 1091 alikabidhiwa ualimu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, cheo kikubwa kwa mtu wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1095 alikamilisha *Tahafut al-Falasifa*, kitabu kinachowapinga wanafalsafa katika masuala 20. La 17 linahusu sababu.

Weka pamba karibu na moto, asema. Itaungua. Lakini umeona nini hasa? Umeona kwamba kuungua kumetokea moto ulipogusa. Hukuona kwamba kumetokea kwa nguvu ya moto wenyewe. Anatoa mfano wa mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye hajawahi kusikia habari za usiku na mchana. Utando ukiondolewa machoni pake mchana, atadhani kufumbua macho ndiko kunakomletea rangi za vitu. Jua likizama ndipo atakapotambua kwamba kulikuwa na nuru ambayo hakuihesabu. Nasi, kwa Ghazali, tuko hivyo: mwunguzaji ni Mungu, na moto na kuungua vinaandamana kwa ada aliyoiweka, ada ambayo akitaka ataivunja.

Ghazali mwenyewe aliona hatari ya hoja yake, akampa mpinzani wake nafasi ya kumkejeli. Kama hakuna lililo la lazima, basi nimeacha kitabu nyumbani, na labda sasa hivi kimegeuka farasi anayeichafua maktaba kwa mkojo na mavi! Jibu lake ni kwamba Mungu ametuumbia pia ujuzi kwamba mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei. Ada ni ya kutegemewa.

Tusimwonee, kwa hiyo, kama wanaomwita adui wa sayansi. Katika utangulizi wa kitabu hichohicho anawakemea wanaopinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa jina la dini, kwa kuwa rafiki mjinga wa namna hiyo huidhuru dini kuliko adui.

Kadhi aliyekuwa tabibu

Jibu lilitoka Andalusia. Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, alikuwa kadhi wa Seville, kisha wa Cordoba, na baadaye tabibu wa khalifa wa dola ya Muwahidun. Katika *Tahafut al-Tahafut* alimjibu Ghazali hoja kwa hoja.

Kwanza anauliza: ada hiyo ni ya nani? Ada hupatikana kwa kurudia tendo mpaka likazoeleka. Huwezi kusema Mungu amezoea. Vitu visivyo na uhai navyo havina mazoea. Vina tabia zao za asili. Ikiwa ada ni yetu sisi tunaohukumu, basi hiyo ni akili tu kwa jina jingine. Na akili, kwake, ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Ukiuondolea moto uwezo wa kuunguza, hujabakiza moto, umebakiza jina.

Hoja yake ya pili inagusa dini yenyewe. Tunaijua hekima ya Muumba kwa kuona jinsi viumbe vilivyopangwa vifae kazi zao. Kama umbo la mkono halina uhusiano wowote na kushika, kuna hekima gani kuuumba hivyo? Anayekanusha sababu ili kumtukuza Mungu amejinyima ushahidi wa hekima yake.

Walipokutana

Sasa turudi kwenye lawama. Msikilizaji anaweza kutazamia kwamba Ghazali atawasamehe wazembe na Ibn Rushd atawabana. Vitabu vyao vinasema vingine.

Katika *Ihya' Ulum al-Din*, kitabu kinachoheshimiwa mno na masharifu wa Hadhramaut waliosomesha katika pwani yetu, Ghazali anaeleza maana ya kumtegemea Mungu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula, asinyooshe mkono akingoja Mungu amshibishe, kwake huyo hajafikia tawakali, ni mwendawazimu. Asiyepanda mbegu akangoja mavuno ni hivyohivyo. Kisha anakataza kulala kwenye mkondo wa mafuriko bondeni, chini ya ukuta ulioinama, au chini ya dari lililovunjika, kwa kuwa huko ni kujitia katika maangamizi bila faida. Yamesemwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, na anayelijua Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam wakati wa masika hahitaji tafsiri.

Ibn Rushd, katika kitabu chake cha fiqhi *Bidayat al-Mujtahid*, anazungumzia tabibu aliyemdhuru mgonjwa. Asiyekuwa na ujuzi wa utabibu kisha akatibu, hubeba dhamana, kwa kuwa amevuka mpaka. Hakuna mahali kadhi huyo anapomruhusu kujitetea kwa kudura.

Mmoja anasema moto hauunguzi kwa nguvu zake. Wa pili anasema unaunguza. Lakini aliyeacha taa inawaka penye pamba, wote wawili wangemwita mwenye makosa. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuamini kudura kwa ukamilifu na bado akadaiwa hesabu. Ada ya Mungu ikiwa imara, aliyeijua akaipuuza ana hatia. Asili ya vitu ikiwa imara, hatia ni ileile.

Kwa upande wa maumbile, mimi nasimama na kadhi wa Cordoba. Tume ya kuchunguza ajali haiwezi kuanza kazi bila kukubali kwamba uzito una athari zake na maji yana kanuni zake. Kwa upande wa moyo namwachia Ghazali neno, kwa sababu mfiwa hafarijiwi kwa fizikia.

Basi kila neno tuliweke mahali pake. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno ya kumwambia mfiwa. Mwenye chombo, mhandisi aliyepitisha jengo bovu, ofisa aliyegawa viwanja bondeni, hao hawana haki ya kuyatumia. Ninyi wanafunzi mtakaotia saini vyeti vya ubora wa majengo, magari na vivuko, nawaomba jambo moja: kabla ya kumkabidhi Mungu kazi yenu, hesabuni abiria.