Yesu Alimwuliza Baba

Katika Marko sura ya 9 Yesu hamponyi mara moja kijana aangukaye motoni na majini. Kwanza amwuliza baba yake hali hiyo ilianza lini. Hapa Unguja sisi twaogopa povu, ingawa kifafa hakiambukizi. Aangukapo mtu twakimbia badala ya kumlaza ubavu. Basi mama atokaye Mnazi Mmoja na vidonge hupitia kwa mganga, ambaye walau humsikiliza. Hatumlaumu. Lakini akiambiwa aache vidonge ili mitishamba ifanye kazi, akatae: kuviacha ghafla huweza kuleta kifafa mfululizo, hata kifo. Na daktari aelezwe kila anachokunywa mgonjwa. Leo tutokapo Misa Minara Miwili, tumwendee mama huyo, tumwulize ilianza lini.