Upele wa Bwenini



Katibu aliponiandikia nije kuzungumza juu ya kazi yangu, aliniuliza kama mimi ni daktari wa familia, ni mwalimu, au ni mtafiti. Nadhani wengi wenu mnaamini kwamba utafiti ni kazi ya mabingwa wa Muhimbili, na kwamba daktari wa mtaani kazi yake ni kuandika dawa na kuita mgonjwa mwingine. Nitamjibu kwa kuuchukua ugonjwa mmoja ambao humu ukumbini hauhitaji kutambulishwa, yaani upele.

Naona mnacheka, na wengine mmeanza kujikuna.

Kidudu chenyewe hakifiki urefu wa nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi, aghalabu katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni na sehemu za siri, na hutaga mayai mawili matatu kila siku. Mgonjwa wa kawaida huwa na majike kama 10 au 15 tu mwili mzima. Kinachomwasha ni mwili wake kuyakataa mayai na uchafu wao. Kwa sababu hiyo, mtu anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna hata kidogo, na wakati wote huo anawaambukiza wenzake.

Jambo hili tunalifahamu vizuri kutokana na kazi ya Mwingereza mmoja, Kenneth Mellanby, ambaye hakuwa daktari bali mtaalamu wa wadudu. Mwaka 1941, vita ikiendelea, alikusanya katika nyumba moja mjini Sheffield vijana waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Walijitolea kulala uchi ndani ya blanketi zilizotoka moja kwa moja kwa askari wenye upele. Jeshi lilikuwa likitumia mali nyingi kuchemsha blanketi, kwa imani kwamba ndimo upele unamotoka. Vijana wale walilala usiku baada ya usiku, na walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Upele ulipita hasa kutoka ngozi hadi ngozi, kwa watu wanaolala pamoja. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, maana kilichohitajika pale kilikuwa nyumba, daftari, na mtu mwenye subira ya kungoja.

Basi na mimi ninalo daftari. Mama akimleta mtoto mwenye upele, mwanafunzi wa utabibu aliye pamoja nami haruhusiwi kuandika dawa kabla hajauliza: nani analala na nani? Kisha, mama akiridhia, anamfuata nyumbani. Haandiki majina. Anaandika idadi ya watu, vitanda, wanaojikuna, na wenye vidonda vya usaha. Baada ya mwezi anarudi kuangalia tena.

Kwamba mtoto aliyetibiwa peke yake hurudiwa, hilo liko vitabuni. Sababu yake kamili tulijifunza majumbani. Ile dawa nyeupe ya kupaka, mnayoikumbuka, huchoma kama pilipili ikigusa ngozi iliyokwaruzwa. Mtoto analia, mama anahurumia, anaishia mikononi. Tena chupa moja haitoshi watu sita, na baba anasema yeye hajikuni, kwa nini apakwe? Kwa hiyo siku hizi nafundisha kwamba anayeandikiwa dawa ni kitanda kizima, na kwamba kuzungumza na baba ni sehemu ya tiba. Utafiti umeniongezea la kufundisha, na wanafunzi ndio waliokwenda kulitafuta. Nisingeweza kufanya kimoja bila kingine.

Huenda mtu akasema, upele hauui. Kujikuna hufungua ngozi, na bakteria wa usaha huingia. Wapo miongoni mwa bakteria hao ambao, wiki chache baadaye, humwachia mtoto ugonjwa wa figo: uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na shinikizo la damu linapanda. Wengi hupona, lakini si wote. Mzazi hukumbuka uvimbe tu. Vidonda vya vidoleni amekwisha kuvisahau. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017.

Huko Fiji walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Mahali pamoja walitibiwa wagonjwa na watu wao wa karibu tu, na baada ya mwaka upele ukashuka kutoka watu 37 katika kila 100 hadi 19. Mahali pengine watu wote, wagonjwa na wazima, walipewa vidonge vya ivamektini, dawa ile ile inayogawiwa kwetu kwa ajili ya usubi na matende, isipokuwa wajawazito na watoto wadogo, ambao walipata dawa ya kupaka. Huko ulishuka kutoka 32 hadi 2, na vidonda vya usaha kutoka 25 hadi 8.

Sasa nije kwenye ombi langu. Iko shule moja, sitaitaja, ambayo humrudisha nyumbani kila mvulana anayeonekana akijikuna. Matokeo yake wavulana wanajikuna gizani, na waliobaki bwenini wamekwisha kuambukizwa zamani. Nimesikia pia kwamba chama chetu kina fedha zilizotengwa kwa ajili ya lango jipya. Naomba sehemu yake itumike kutibu mabweni yote manne kwa siku moja, walimu wa zamu wakiwemo, tukishirikiana na Mganga Mkuu wa Wilaya. Dozi ya pili itolewe baada ya siku 7 hadi 14, kwa kuwa vidonge haviui mayai. Wanafunzi wangu watakuja kuhesabu kabla na baada, kwa ruhusa ya wazazi na ya wavulana wenyewe. Karatasi ya mahitaji nimempa Mweka Hazina asubuhi hii, na naona bado anaisoma.