Tununue Nguo kwa Mpango
(Maneno kwa kamati za parokia, Jorodom)

Wapendwa, baada ya mavuno tunakwenda mnadani, marobota ya mitumba yanafunguliwa, nasi tunarudi na nguo tusizozihitaji. Januari shule zinafunguliwa. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini sare bado ni juu ya mzazi, na fedha imekwisha. Mtoto anaona haya kwenda darasani.

Basi, kwanza tufungue sanduku nyumbani, tuone kilichopo na kinachoshoneka. Pili, tutenge fedha ya sare, na ya sweta kwa baridi ya Juni na Julai. Tatu, mnadani tuvute mishono, tujaribu zipu, tutazame makwapa na magoti. Nguo rahisi isiyovaliwa ni hasara.

Wanakamati, tuanze sisi.